Kabla ya Msaragambo: Mwongozo Kamili wa Kupima Mahitaji ya Mtaa na Kupanga Kazi ya Pamoja

Miaka michache iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya mtaa upande wa chini wa Moshi, kule ambako mji unaanza kulala tambarare na maji ya mvua ya Kibosho na Uru yanatupitia kabla ya kwenda zake. Tuliitisha mkutano Jumatano saa nne asubuhi. Wakaja wastaafu, wazee na wenye nyumba wachache. Haikuchukua hata saa mbili, tukakubaliana kwamba shida kubwa ya mtaa ni barabara ya kuingilia. Tukachanga, tukanunua moramu, vijana wakaimwaga na kuisambaza. Barabara ikapendeza. Mvua za masika zilipokolea, moramu yote ikabebwa na maji na kuishia kwenye vyumba vya wapangaji wa bondeni.

Mama mmoja wa huko bondeni, muuza ndizi, aliniambia bila hasira: "Mjumbe, mngetuuliza tungewaonyesha maji yanakopita." Saa nne ya Jumatano ile alikuwa Soko la Mbuyuni na beseni lake. Tulipanga mkutano kwa saa ambayo yeye hawezi kuja, kisha tukaandika kwenye muhtasari kwamba wananchi wamekubali.

Tangu hapo, kila ninapoingia kwenye kikao cha maendeleo, jambo la kwanza ninalotazama ni nani hayupo. Mwongozo huu nimeuandikia kamati za mitaa na vijiji, vikundi vya akina mama, vijana na jumuiya za dini wanaotaka kuboresha mahali wanapoishi kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea. Mifano ni ya Moshi kwa sababu ndiko ninakokujua, lakini aliyeko Sombetini au Ngarenaro, Arusha, atajionea mwenyewe panapofanana.

Hatua ya kwanza: bisha hodi, kisha unda timu

Usianze kuzunguka na daftari kabla uongozi haujajua. Mjini, mtaa una mwenyekiti aliyechaguliwa na wakazi (uchaguzi wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024) na mtendaji ambaye ni mtumishi wa halmashauri. Nenda kwa wote wawili. Ukienda kwa mwenyekiti peke yake, mtendaji atasoma jambo lako kama siasa. Ukienda kwa mtendaji peke yake, mwenyekiti ataona umemruka. Kijijini ni vivyo hivyo, ukiongeza wenyeviti wa vitongoji. Mtafute pia Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Hii ndiyo kazi yake, na kwa kawaida anaijua njia ya serikali iitwayo Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mkifuata mkondo huo, mpango wenu utasomeka halmashauri bila kutafsiriwa upya.

Timu ya watu wanane hadi kumi inatosha. Angalau nusu wawe wanawake. Wawemo mwenye nyumba na mpangaji, kijana wa bodaboda au fundi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mtu mwenye ulemavu au mlezi wake, na mwalimu mmoja. Wapangaji ndio tunaowasahau zaidi mjini. Tunawaona wapita njia, ingawa wengine wamekaa miaka kumi na watoto wao wanasoma shule zetu.

Kuhusu mabalozi wa nyumba kumi: wanajua kila mlango, na msaada wao ni mkubwa. Ila ubalozi ni nafasi ya chama, na kazi hii ni ya mtaa mzima. Wakaribishe watusaidie kuonyesha nyumba, lakini wasiwe wao wanaouliza maswali. Wako watu watakaojibu kwa kupima nani anasikia. Na kwenye kazi hii hakuna sare wala kofia ya chama chochote.

Hatua ya pili: soma kilichokwisha kuandikwa

Hii isizidi wiki moja. Pitia rejista ya wakazi kwa mtendaji, mihtasari ya mikutano ya miaka miwili iliyopita, mahudhurio ya wanafunzi shuleni, na magonjwa yanayoongoza kwenye zahanati yenu (omba jumla tu, usiombe majina). Sensa ya mwaka 2022 ina takwimu za hadi kata. Muulize diwani kama kuna mradi wa eneo lenu ambao tayari umo kwenye bajeti. Nimeona watu wakichanga miezi sita kwa jambo lililokuwa limeshatengewa fedha, na wengine wakisubiri miaka mitatu jambo ambalo halikuwahi kuandikwa popote.

Hatua ya tatu: tembea

Hapa msiwe na haraka. Gaweni mtaa vipande, na kila kipande watembee watu watatu: mmoja anauliza, mmoja anaandika, mmoja anatazama tu. Anzeni juu kabisa ya mtaa mshuke hadi mwisho wa chini, kwa sababu Moshi yote imejengwa kwenye mteremko, na shida nyingi za chini zimezaliwa juu. Andikeni kila mnachokiona: mtaro ulioziba na kilichouziba, bomba linalovuja, taa isiyowaka, dampo lisilo rasmi na nani analitumia, njia ambayo mtu wa baiskeli ya magurudumu matatu hawezi kupita, uwanja wa watoto, kisima, duka la dawa, mti mkubwa ambao watu hukutanika chini yake. Andikeni na vizuri vilivyopo. Fundi mwashi aliyestaafu ni mali ya mtaa kama yalivyo mawe, na kikundi cha kufa na kuzikana chenye daftari safi kinaweza kuwafundisha utunzaji wa fedha kuliko semina yoyote.

Pimeni. Hesabu hatua zako kwenye umbali unaoujua, tuseme uwanja wa mpira wa shule, ujue hatua yako moja ni sentimita ngapi. Kuanzia hapo mnaweza kusema mtaro una urefu wa mita 120, mkaacha kusema "mtaro mrefu". Ofisi yoyote itakuuliza mita.

Kisha rudieni mara mbili. Mara moja usiku, saa mbili au tatu, wakiwemo wanawake, muone njia wanazozikwepa na kwa nini. Na mara moja mvua ikinyesha. Najua hakuna anayependa, lakini nusu saa ndani ya mabuti wakati wa mvua kubwa itakuonyesha mambo ambayo mikutano mitano haitakuonyesha. Laiti tungefanya hivyo, ile moramu isingenunuliwa.

Mkimaliza, chorani ramani chini, kwenye uwanja, kwa kijiti, majivu na mawe. Waacheni wakazi wachore, timu ishike kalamu pembeni. Watoto wa miaka kumi huchora vizuri sana. Wanajua kila uchochoro na kila mbwa. Nilikwisha kuona mzee aliyekaa kimya mkutano mzima akainuka, akachukua kijiti na kufuta mto uliochorwa vibaya, akaeleza ulivyokuwa ukipita zamani kabla ya nyumba. Pigeni picha, mnakili kwenye karatasi kubwa, na nakala moja ibaki ofisi ya mtaa.

Hatua ya nne: sikiliza watu kando kando

Mkutano mkuu ni mahali pa kuamua. Kusikiliza kunafanyika kabla yake, katika vikundi vya watu sita hadi kumi wanaofanana: akina mama wenye watoto wadogo, vijana wa kijiweni, wazee, wapangaji, wafanyabiashara wadogo, watu wenye ulemavu na walezi wao. Wafuateni walipo na kwa saa yao. Mama wa sokoni anapatikana jioni au Jumapili baada ya ibada. Bodaboda wanapatikana kijiweni mchana jua likiwa kali na abiria wachache. Msipange Ijumaa saa saba mchana wala siku ya msiba. Tangazo lipite kanisani, msikitini, na kwa mtu mwenye sauti nzuri ya kutembea na kipaza sauti. Kundi la WhatsApp peke yake linawafikia wenye bando.

Swali la "mnahitaji nini?" mliache. Linaleta orodha ya vitu, na orodha hiyo hufanana na ya mradi wa mwisho uliopita mtaani. Ulizeni kuhusu siku: "Mama, jana uliamka saa ngapi? Maji uliyapata wapi, ndoo ngapi, ulisubiri muda gani? Mtoto alivuka wapi kwenda shule?" Majibu ya namna hiyo yanahesabika. Mama akisema kila siku anapoteza saa moja na nusu kwenye foleni ya maji, hiyo ni zaidi ya saa kumi kwa wiki, na sasa una hoja ambayo hakuna atakayeita malalamiko.

Chora pia kalenda ya mwaka pamoja nao. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni kama Oktoba hadi Desemba. Ni miezi gani watoto wanaharisha, ada za shule zinabana lini, kibarua kinakosekana lini, kahawa na mahindi vinavunwa lini? Kalenda hiyo mtaihitaji tena mtakapopanga siku za kazi na michango.

Baada ya vikundi, pita nyumba kwa nyumba kwa sampuli ili kuhakikisha. Mtaa ukiwa na kaya 400, chukua kila kaya ya tano. Utapata kaya 80, na watu wanne wanazimaliza kwa miisho miwili ya juma. Hesabu milango, usichague nyumba. Ukichagua, miguu itakupeleka kwenye mageti yaliyo wazi na watu wanaocheka nawe. Ukikuta kaya imefungwa, rudi. Aliyefunga mlango mchana ndiye anayefanya kazi mbali, na ndiye hasa aliyekosekana kwenye mikutano yote. Maswali yasizidi kumi na mbili.

Majibu ya watu yatunzeni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama isingekuwepo, si haki jina la mama aliyesema mumewe hatoi hela ya maji lionekane kwenye kundi la simu. Andikeni namba ya kaya badala ya jina. Na msiahidi chochote. Sema wazi: "Tumekuja kusikiliza, tutarudi kuwaambia tulichosikia." Kisha rudini kweli.

Kuna mahitaji ambayo hayasemwi kwa sababu watu wameyazoea. Mfano mkubwa wa kanda yetu ni madini ya floridi kwenye maji ya maeneo mengi ya Arusha na miteremko ya Meru, yanayotokana na miamba ya volkano. Watoto wanaokunywa maji hayo meno yao yakiwa bado yanaundwa hupata meno ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa kwa miaka mingi mifupa nayo huathirika. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, inazidi kukolea. Ukiuliza mkutanoni, watu watasema maji ni mazuri, maana ni maangavu na hayana harufu. Kwa hiyo chukueni sampuli mpeleke maabara ya maji kupitia mamlaka ya maji ya eneo lenu, kabla ya kuchangia kisima. Kisima kipya chenye floridi nyingi kitawakusanya watu wengi zaidi kwenye madhara yale yale. Njia ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa imefanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hivyo mkikuta tatizo, kuna wa kuwauliza.

Hatua ya tano: fuata shida hadi mzizi

Chukua shida iliyotajwa sana, iandike katikati ya karatasi, uliza "kwa nini?" na kila jibu uliulize tena. Barabara yetu inaharibika. Kwa nini? Maji yanapita juu yake. Kwa nini? Mtaro wa pembeni umeziba. Kwa nini? Umejaa taka na udongo. Taka za nani? Za mtaa wa juu na za genge letu wenyewe la kuuzia mboga, kwa sababu gari la taka haliingii kwenye vichochoro. Sasa unaona kwamba moramu ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye orodha, na sisi tuliianza.

Kwenye mteremko kama wetu, mzizi mara nyingi uko nje ya mpaka wa mtaa. Tuma watu wawili wanaoheshimika wakakae na wajumbe wa mtaa wa juu, na wengine wawili waende mtaa wa chini. Hilo la pili hufanywa na wachache. Mkichimba mtaro unaowaondolea ninyi maji na kuyapeleka kwenye vyumba vya jirani, mtakuwa mmewafanyia yale tuliyowafanyia wapangaji wetu.

Utakuta pia uzio, choo au kibanda cha mtu kimekaa juu ya njia ya maji. Usimtaje mkutanoni. Nenda nyumbani kwake jioni na mzee anayemheshimu, mketi, mzungumze kwanza habari za watoto, kisha muonyesheni ramani. Mtu aliyeaibishwa mbele ya jirani zake atakwenda mahakamani. Aliyefuatwa kwa adabu mara nyingi atauliza tu apewe muda gani.

Hatua ya sita: pangeni vipaumbele kwa maharage

Orodha ikifika mahitaji kumi na tano, ipunguzeni hadi sita kwa kuunganisha yenye mzizi mmoja. Kisha wekeni makopo sita, kila moja na picha ya hitaji lake, kwa kuwa si wote wanasoma. Kila mtu apate mbegu tano azigawe apendavyo: wanawake maharage, wanaume mahindi, vijana kunde. Makopo yawe nyuma ya pazia au ndani ya darasa, mtu aingie peke yake. Mkimwaga mbegu mezani mbele ya watu wote, mtaona jumla na mtaona pia nani anataka nini. Kopo lenye maharage tupu ni jambo la kujadiliwa, hata kama halikushinda.

Mahitaji mawili yakikaribiana, linganisheni kwa jozi: tukipata moja tu kati ya haya, lipi, na kwa nini? Mahitaji sita yanatoa jozi 15, na ni kazi ya saa moja. Sababu zinazotolewa ni za thamani kuliko alama, hivyo mwandishi aziandike kwa maneno ya msemaji.

Halafu kila hitaji lililopita lipewe moja ya nafasi tatu. Kuna tunaloliweza wenyewe, kama kuzibua mtaro, kupanga siku za taka, au kulinda njia ya watoto. Kuna tunaloanza sisi na serikali ikamalizia; mfano unaojulikana ni boma la darasa au zahanati, wananchi wakilipandisha kuta hadi renta (mkanda wa zege juu ya madirisha) na halmashauri ikapaua. Na kuna la serikali au taasisi peke yake: barabara za mitaa ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, maji ya mji wa Moshi ni ya mamlaka ya MUWSA na ya Arusha ni ya AUWSA, maji ya vijijini ni ya wakala wa RUWASA pamoja na vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Kwa hili la tatu, kazi yenu ni kuandika vizuri na kufuatilia. Msichangishe watu kwa jambo ambalo hamna mamlaka nalo.

Hatua ya saba: mkutano mkuu na ule muhtasari

Pelekeni matokeo kwenye mkutano mkuu wa mtaa (kijijini, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu). Ramani na makopo viwepo. Wazungumze wakazi waliokusanya taarifa, viongozi wafungue na kufunga tu.

Muhtasari uandikwe siku hiyo hiyo, usainiwe na mwenyekiti na mtendaji, ugongwe muhuri, na orodha ya mahudhurio yenye saini iambatishwe. Bila karatasi hiyo hamtapata kibali, fedha wala jibu la barua. Kutoka hapo mpango unakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake.

Tarehe zina uzito. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Halmashauri hukusanya vipaumbele kutoka chini miezi ya mwisho ya mwaka, madiwani hupitisha bajeti mapema mwaka unaofuata, na Bunge huijadili kuanzia Aprili hadi Juni. Kwa hiyo fanyeni upimaji Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi (matembezi ya mvua yatangulie, wakati wa masika), na mkutano mkuu Septemba. Mpango mzuri uliofika kata mwezi Mei utasubiri mwaka mzima.

Hatua ya nane: geuzeni hitaji kuwa hesabu

Turudi kwenye mtaro. Urefu mita 120, upana sentimita 60, kina sentimita 60. Zidisheni: mita za ujazo 43 na kidogo. Kwenye udongo laini, mtu mzima wa kujitolea anachimba kama mita moja ya ujazo kwa asubuhi moja. Watu 25 kwa Jumamosi mbili wanatoa 50, mna akiba ya watakaoumwa na watakaochelewa. Mnahitaji majembe, sururu na machepe ya kuwatosha, kwa sababu watu 25 wenye vifaa kumi ni watu kumi wanaofanya kazi na kumi na watano wanaopiga soga. Mnahitaji matoroli na mahali pa kumwaga udongo, maana ukiachwa ukingoni utarudi mtaroni mvua ya kwanza. Sakafu ya mtaro ishuke angalau sentimita moja kwa kila mita. Fundi atapima kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani.

Kabla ya jembe la kwanza, pata ruhusa. Mtaro ukiwa ndani ya hifadhi ya barabara, TARURA waje waone. Mkigusa mto kama Rau, Karanga au Njoro, kumbukeni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina ofisi hapa hapa Moshi. Waulizeni MUWSA bomba limepita wapi. Sururu moja ikitoboa bomba, mtaa mzima utalala bila maji na kazi yenu itakumbukwa kwa hilo.

Kila kazi iandikwe mbele yake jina la mtu mmoja na tarehe. Msiandike "kamati". Kamati haipigiwi simu.

Hatua ya tisa: fedha

Wekeni kiwango cha mchango mkutanoni na kikubaliwe kwa sauti ya wengi, kikiwa na mlango wa pili: asiye na fedha atoe siku za kazi, na wazee, wagonjwa na wasiojiweza wasidaiwe. Fedha zikae kwenye akaunti yenye watia saini watatu, angalau mmoja mwanamke, na mweka hazina asiwe ndugu wa mwenyekiti. Kila shilingi ipate stakabadhi, na kila Jumapili karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Watu hawachoki kuchanga haraka kama wanavyochoka kutojua zilikokwenda. Bei za vifaa chukueni kwa wauzaji watatu, na ziandikwe zote.

Wengi huuliza kuhusu asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Hiyo ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya kujiingizia kipato: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haijengi mtaro. Lakini kikundi cha vijana kilichosajiliwa kinaweza kuiomba kwa ajili ya toroli na guta la kuzoa taka, na hapo mnatibu mzizi huku vijana wanapata riziki. Kwa miradi iliyoanzishwa na wananchi wenyewe, upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa na sheria ya mwaka 2009; barua ipitie kwa mtendaji, ikiwa na muhtasari wenu na picha za kazi iliyokwisha kuanza.

Kwa walioko mlimani, Marangu, Kibosho, Uru, Old Moshi, kuna Desemba. Watoto wa nyumbani wanarudi kwa Krismasi kutoka Dar es Salaam na kwingineko, vikao vya ukoo vinafanyika, na mfuko wa mradi unaweza kujaa kwa wiki mbili. Itumieni nafasi hiyo kwa busara. Anayekuja siku kumi na gari lake atataka barabara, na ndiye mwenye hela. Anayebaki kihambani, kwenye shamba la nyumbani, miezi kumi na moja na nusu pengine anataka maji au mkunga. Kwa hiyo vipaumbele vipigiwe kura kabla ya Desemba, na wageni wakute mpango tayari wenye bei: mfuko wa saruji ni kiasi hiki, lori la mawe ni kiasi hiki, chagua unachonunua. Wengi hutoa kwa moyo zaidi wanapokuta hesabu safi.

Hatua ya kumi: siku ya kazi, na siku zinazofuata

Huku Kilimanjaro na Upare kazi ya namna hii tunaiita msaragambo, na ina adabu zake. Mifereji iliyonywesha vihamba kwa vizazi vingi ilichimbwa na kutunzwa hivyo: anayekunywa maji ya mfereji ndiye anayefika siku ya kuusafisha, na asiyefika alitozwa faini. Ubora wa utaratibu ule ni kwamba orodha ya watumiaji na orodha ya wafanyakazi ilikuwa moja. Ufuateni. Gaweni mtaro vipande kwa kaya zinazoupakana na zinazonufaika, kila kipande kiwe na alama na jina.

Anzeni saa moja asubuhi, mmalize saa tano jua halijawa kali. Uji au chai na mihogo iwepo, na wapishi wahesabiwe kuwa wamefanya kazi sawa na wachimbaji. Sanduku la huduma ya kwanza lisikosekane. Mwite jina kila aliyefika, usiite tu walioleta hela.

Kisha wekeni tarehe tatu za kukagua: mwishoni mwa Februari kabla ya masika, katikati ya Aprili mvua ikiwa kubwa, na mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli. Wakaguzi wawe wawili, mmoja wa juu ya mtaa na mmoja wa bondeni, na wapime kwa kijiti kilichowekewa alama: udongo ukifika sentimita 15, kipande hicho kinazibuliwa wiki hiyo hiyo. Matokeo yasomwe mkutano mkuu unaofuata, yakiwemo yaliyoshindikana.

Mtaani kwetu mkaguzi wa bondeni ni yule mama wa ndizi. Mkutano wa kumchagua tuliuitisha Jumapili saa kumi jioni.